Mamtoni: Aende porini au akaoshe vyombo?

Ukiwasikia wakihadithia, vijana wetu walioko mamtoni wanakula maisha tu. Thubutu! Chukua Mbongo anayesoma Oslo, kule Norway. Kibali chake kinamruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, na zamu nyingi zinaangukia wikiendi. Tangu 2023 wanafunzi wapya kutoka kwetu wanalipishwa ada hata kwenye vyuo vya serikali. Na mama nyumbani naye anasubiri chochote. Mara wenzake wa darasani hao: "Ijumaa twende msituni!" Aende, au akaoshe vyombo hotelini?

Mimi nasema aende, walau mara moja kwa mwezi. Wenyeji wa huko kwenye basi kila mtu na lake, hata salamu shida. Porini ndiko wanakofunguka, na upweke wa ugenini mshahara hauutibu. Tena ni bure. Sheria ya 1957 inampa kila mtu, hata mgeni, haki ya kupiga hema siku mbili bila kuomba ruhusa, mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya watu. Treni ya mjini inakushusha Sognsvann, unaingia msitu wa Nordmarka kwa miguu. Mwezi Juni, saa nne na nusu usiku bado kweupe!

Ila nyama choma sahau. Kuanzia Aprili 15 hadi Septemba 15 kuwasha moto msituni ni marufuku. Na ukipita ziwa la Maridalsvannet usijitose kuoga, ndiyo maji ya kunywa ya mji huo. Beba mkate, chupa ya chai na koti la mvua.