Gitaa Rahisi na Gitaa Ghali: Fedha Yako Inalipia Nini?

Gitaa la umeme la Stratocaster lililoundwa na kampuni ya Fender nchini Marekani na la Squier lenye umbo lilelile hufanana kama mapacha. Squier ni chapa ya Fender yenyewe, iliyoanza kuuza magitaa ya bei nafuu mwaka 1982. Hata hivyo, bei ya gitaa la kwanza hutosha kununua la pili mara kadhaa. Kijana anayejichanga ili apate chombo chake cha kwanza ana haki ya kujua tofauti hiyo inakwenda wapi. Fizikia inalo jibu, tena jibu la kumtia moyo.

Gitaa kavu hupata sauti yake kwa kutikisa mbao na hewa iliyomo ndani ya sanduku lake. Gitaa la umeme halifanyi hivyo. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku hubadilika, na badiliko hilo huzalisha umeme mdogo ndani ya waya. Michael Faraday aligundua kanuni hiyo mwaka 1831. Miaka 100 hivi baadaye, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker waliitumia huko California kuunda gitaa la umeme. Pikapu ya Stratocaster ina mizunguko 8,000 hivi ya waya wenye unene wa takriban milimita 0.06.

Basi kinachofika kwenye amplifaya ni mtikisiko wa chuma, si mlio wa mbao. Mbao huweza kubadili kidogo namna uzi unavyopoteza nguvu, lakini mchango huo humezwa na pikapu, amplifaya na spika. Na kwa kuwa sumaku na waya wa shaba si vitu adimu, pikapu nzuri si lazima iwe ghali.

Mbona basi wengi huapa kwamba gitaa ghali linalia vizuri zaidi? Mwaka 2010, mjini Indianapolis, watafiti Claudia Fritz na Joseph Curtin waliwapa wapiga fidla 21 wenye uzoefu fidla mpya na za kale, zikiwemo za fundi maarufu Stradivari, huku wakiwa wamevaa miwani ya kuwazuia kuona. Wengi hawakuweza kutambua ipi ni ya kale, na iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Fidla si gitaa, lakini funzo linatuhusu: jina na bei hutangulia kuingia masikioni kabla ya sauti yenyewe.

Fedha ya ziada hulipia usahihi. Kila freti, yaani kijiti cha chuma kinachokata shingo, lazima ipandishe masafa ya sauti mara 1.0595, ili freti ya 12 iyafanye maradufu. Kwenye Stratocaster, yenye urefu wa uzi wa milimita 648, freti hiyo hukaa milimita 324 kutoka mwanzo wa uzi. Kadiri unavyopanda, nafasi hubana na kosa dogo huwa kubwa. Freti ya 22 ikipotea kwa milimita 1, sauti hupotoka karibu sehemu moja ya kumi ya nusu toni, na sikio la mwanamuziki husikia kosa hilo. Mpiga solo wa sebene, anayeishi huko juu ya shingo, ndiye anayeumia kwanza.

Siku hizi mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata shingo na mifereji ya freti kwa usahihi mkubwa hata kwenye viwanda vya magitaa nafuu, na ndiyo maana pengo limepungua. Kilichobaki ghali ni saa za fundi: kusawazisha vichwa vya freti, kulainisha ncha zake, na kurekebisha kimo cha nyuzi. Pia kuna funguo zisizolegea, swichi imara na chuma kinachostahimili kutu, mambo ya maana sana kwa mpigaji wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa imejaa chumvi na unyevu.

Ushahidi kwamba ufundi huweza kushinda bei ni Brian May wa bendi ya Queen. Mwaka 1963, yeye na baba yake walianza kuunda gitaa nyumbani Uingereza. Shingo waliichonga kutoka mbao ya zamani ya meko, na daraja likapata springi za pikipiki. Gitaa hilo limempeleka kwenye majukwaa makubwa ya dunia.

Ushauri wangu ni huu. Ukiwa mwanafunzi, nunua gitaa nafuu, lakini likague. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti ukisikiliza mkwaruzo. Vuta nyuzi kwa nguvu, kisha uone kama tyuni imehama. Pitisha kiganja kando ya shingo, ncha za freti zisikukwaruze. Fedha iliyobaki mlipe fundi akurekebishie, na nyingine uiongezee kwenye amplifaya, kwa sababu spika ndiyo inayowafikia wasikilizaji. Gitaa ghali lisubiri hadi uwe unapiga jukwaani kila wiki na chombo kisichoyumba kiwe sehemu ya riziki yako. Hapo litakuwa limestahili bei yake.