Namba 720,720 katika Somo la Vigawo

Mwalimu aandikapo ubaoni namba yenye tarakimu sita, wanafunzi wengi hukata tamaa kabla ya kuanza kazi. Huogopa urefu wa namba kwa kuwa hawajaonyeshwa jinsi ilivyojengwa.

Tuchukue 720,720. Namba hii ni 720,000 + 720, yaani 720 × 1,001. Tena 1,001 = 7 × 11 × 13, na 720 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. Kutokana na vigawo tasa hivyo, 720,720 hugawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Nayo ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika cha namba hizo zote. Haigawanyiki kwa 17, kwani 17 ni namba tasa isiyokuwamo miongoni mwa vigawo hivyo.

Darasani, kila mwanafunzi na achague namba ya tarakimu tatu, aiandike mara mbili mfululizo, kwa mfano 358,358, kisha agawanye kwa 7, jibu aligawanye kwa 11, na jibu la pili kwa 13. Ataipata namba aliyoichagua. Mwalimu asiharakishe kueleza sababu. Mwanafunzi aigunduaye 1,001 kwa juhudi yake mwenyewe hujifunza kuichambua namba kubwa badala ya kuikimbia.