Alfajiri Katika Nyumba ya Sumo

Sisi tukaao Rexdale, kaskazini-magharibi ya mji wa Toronto, tulisikiapo neno ambalo Waingereza huziitia nyumba za wanamieleka wa sumo, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye mabanda ya farasi wa Woodbine, uwanja wa mbio uliofunguliwa hapa mwaka 1956, ambako wanyama hao nao hufanyishwa mazoezi asubuhi mapema; lakini Wajapani wenyewe husema heya, yaani chumba, na kwa rai yangu mtu wa pwani angeifahamu vyema zaidi lau angeambiwa kuwa ni mithili ya chuo cha zamani, ambamo mwanafunzi hukaa kwa mwalimu wake, hula kwake, humtumikia, na hufunzwa adabu kabla ya elimu.

Mgeni afikaye Tokyo, hususan mtaa wa Ryogoku na jirani zake, sharti aombe idhini kwanza, kwani si kila heya hupokea watazamaji. Kisha avue viatu, aketi chini, anyamaze, wala asielekeze nyayo zake kwenye duara la udongo, lenye kipenyo cha mita 4.55, ambalo kwao ni mahali patakatifu.

Wadogo ndio watanguliao, nao hawajatia kitu kinywani. Huinua mguu mmoja juu taratibu, wakaushusha kwa kishindo, kisha wa pili, tena na tena hata sakafu ikalowa jasho. Hilo ndilo shiko, msingi wa yote. Hupiga nguzo ya mbao kwa viganja. Baadaye huingia wakubwa, wenye mikanda myeupe ilhali ya wadogo ni myeusi, na hapo mmoja hutoa kifua, mwenziwe akamsukuma mpaka ukingoni, akaangushwa, akainuka mwili umejaa mchanga, pasina mtu kulalamika.

Maisha hayo ni mazito. John Tenta, Mkanada wa British Columbia, aliingia heya ya Sadogatake mwaka 1985, akashinda kila pambano alilopigana, na mwaka uliofuata akaondoka. Aliyestahimili ni Mmisri Abdelrahman Shaalan, aliyepewa jina la Osunaarashi, Mwislamu aliyejulikana kwa kufunga Ramadhani hata siku za mashindano. Naye Julai 2014, ndani ya mwezi huo mtukufu, aliwashinda mabingwa wawili wa daraja la juu kabisa, Kakuryu na Harumafuji, siku mbili mfululizo.