Kunguni wa Kahawa: Jina na Umbo Lake

Neno kunguni litajwapo, fikira za wengi huelekea kitandani. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kunguni ni yule mdudu bapa ajifichaye katika mishono ya godoro na kufyonza damu ya mtu usiku. Hata hivyo, elimu ya wadudu humweka katika oda moja na maelfu ya wadudu wasioonja damu kamwe, bali hufyonza mimea. Mmoja wao ni Antestia, au kwa jina la kisayansi Antestiopsis thunbergii, adui wa siku nyingi wa mbuni (mti, si ndege) katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Maadamu nasaba ni moja, si kosa kumwita kunguni wa kahawa.

Aghalabu mdudu huyu hudhaniwa kuwa mbawakawa, na kosa hilo lina gharama. Mbawakawa hutafuna, kunguni hudunga. Dawa inayongoja kuliwa pamoja na jani haimpati, kwa kuwa jani lenyewe hali. Mdomo wake ni mrija mwembamba uliokunjwa chini ya kifua. Tofauti ya pili imo mabawani: bawa la mbele la kunguni ni gumu upande wa mwanzo na utando mwangavu upande wa mwisho, ilhali la mbawakawa ni gumu lote.

Antestia aliyekomaa ana umbo la ngao, urefu wa takriban milimita 7, rangi ya hudhurungi iliyokoza yenye mabaka ya manjano-chungwa na meupe. Katikati ya mgongo pana pembetatu kubwa. Akiguswa hutoa harufu mbaya. Jike hutaga mayai kwa vifungu, aghalabu 12 hivi, upande wa chini wa jani. Watoto wake hawapitii hatua ya buu. Ni tunutu wanaofanana na wazazi ila hawana mabawa, nao hupitia hatua tano kabla ya kukomaa.

Madhara yake hayalingani na udogo wake. Matumba ya maua yakidungwa hugeuka meusi, na matunda machanga hupukutika. Vichipukizi navyo hutoa matawi mengi mafupi yasiyo na faida. Baya zaidi hufichika: mdudu anapodunga tunda huingiza kuvu iozeshayo buni ndani, huku ganda la nje likionekana zima. Mkulima huligundua hilo baada ya kumenya, kazi yote ikiwa imekwisha. Nchini Rwanda na Burundi, mdudu huyu huhusishwa pia na kasoro ya kahawa kunuka kiazi kibichi. Punje moja tu huweza kuharibu kikombe kizima.

Kwa sababu hizo, wadudu wawili tu kwa mti huhesabiwa kuwa tishio. Kuwahesabu kwa macho ni vigumu, maana hujificha penye majani mazito. Njia iliyozoeleka ni kutandaza kitambaa chini ya mti asubuhi, kunyunyizia dawa ya pareto, kisha kuhesabu wanaoanguka. Upogoaji nao una nafasi yake. Mbuni uliopunguzwa matawi hupenyeza mwanga hadi kati, na kunguni huyu hapendi mahali pa wazi.