Chumvi na Umeme katika Maji ya Rangi: Hesabu ya Viwanda vya Nguo, Thika na Ruiru

Katika viwanda vya nguo vya Thika na Ruiru, usafishaji wa maji taka ni sehemu ya gharama ya kitambaa, hasa tangu kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilipowataka wenye viwanda wapate leseni kabla ya kumwaga maji hayo mtoni.

Njia iliyozoeleka ni kutia shabu, ambayo majini huzaa koloidi za haidroksidi ya aluminiamu, yaani chembe ndogo mno zisizoyeyuka wala kuzama zenyewe, zinazonasa rangi kisha zikashikamana kuwa mabonge. Njia ya umeme, iliyojaribiwa kwa maji taka ya London mwishoni mwa miaka ya 1880, hutengeneza koloidi za namna hiyo papo hapo: mabamba ya chuma au aluminiamu hutumbukizwa katika maji yenye chumvi, bamba la upande chanya, liitwalo anodi, likaliwa polepole na mkondo wa umeme, na metali inayotoka humo ikageuka haidroksidi, ambayo kwa chuma huishia kuwa kutu laini ya oksidi.

Pamba inayotiwa rangi za riaktivu, yaani zile zinazojifunga na uzi kwa kemikali, huhitaji chumvi nyingi, mara nyingi gramu 50 au zaidi kwa lita, na chumvi hiyo, ambayo kwa mtambo wa kawaida ni mzigo mtupu, hapa huurahisishia umeme njia. Ampea 1,000 kwa saa moja huyeyusha takriban kilo moja ya chuma. Kwa volti 5 hiyo ni uniti 5 za umeme, ilhali kwa volti 15, katika maji yasiyo na chumvi ya kutosha, ni uniti 15 kwa kazi ileile.

Hata hivyo, anayeridhika na maji yaliyotakata machoni amenunua nusu ya tiba, kwa kuwa rangi huondoka na chumvi hubaki. Mto Thika huishia katika bwawa la Masinga, na maji ya Ruiru hufuata Athi hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mkulima anayemwagilia mboga njiani haioni chumvi hiyo, ila udongo wake huilimbikiza msimu baada ya msimu. Kwa hiyo faida ya kweli, ya kiwanda na ya mto pia, iko katika kuyarudisha maji hayo yaliyoondolewa rangi kwenye beseni la kutia rangi, chumvi yake ikatumika tena badala ya kununuliwa nyingine.