Vita Viliwafuata Hadi Rufiji

Boti zinazotoka Nyamisati, wilayani Kibiti, hupita kwenye delta ya Rufiji, ambamo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha mwishoni mwa 1914, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mabaharia waliifunika kwa matawi ya mikoko. Mitambo yake ya mvuke ilipoharibika, vipuri vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikarudishwa. Waliokokota walikuwa Waafrika. Na meli ilipozamishwa, 11 Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa majini ikapelekwa vitani bara. Hapo tena, kamba zilikuwa mabegani mwa wenyeji.

Historia humtaja askari, mwenye bunduki na cheo. Mpagazi alikuwa na mzigo tu. Mapema 1917 mvua kubwa iliufurisha mto Rufiji. Jeshi la Wajerumani, chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, likala mahindi ya wakulima wa bondeni, na upande wa Waingereza askari kutoka Nigeria wakachimba mizizi porini ili waishi. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi wao zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi.

Aliyenusurika alirudi kwa nani? Bunduki zilinyamaza Novemba 1918, na mwaka huohuo homa ya mafua ilikuwa ikiwamaliza watu vijijini. Mtu ametembea miaka na maiti njiani, anafika kwao anakuta ghala tupu na makaburi mapya, kisha anatarajiwa ashike jembe msimu ukianza.

Askari angalau walikuwa na beni, ngoma ya gwaride iliyozaliwa pwani ya Kenya kabla ya vita. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilienea Tanganyika pamoja nao, vikiwa na sare, vyeo, gwaride na tarumbeta. Mwanachama akiugua aliuguzwa, akifa alizikwa na wenzake. Wapo walioiona ngoma hiyo kuwa ni kuiga Wazungu. Mimi naona wanaume waliozoea kuishi kwa amri wakitafuta mahali pa kuutua mzigo wa vita, mbele ya watu wanaoujua.

Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Watu huenda kuitazama. Nyamisati napo, pale abiria wanaposubiri maji yajae, panastahili ubao unaowataja walioivuta kutoka topeni, hata kama itabidi waandikwe kwa vijiji vyao, bila majina.