Kwa nini maziwa ya unga hupimwa mionzi mpakani

MFANYABIASHARA anayeingiza maziwa ya unga Tanzania hudaiwa, pamoja na karatasi nyingine, cheti cha kupimwa mionzi. Wengi hukifuatilia huku wakinung'unika: maziwa ya watoto na nyuklia vinakutania wapi?

Vinakutania kwenye majani ya ng'ombe.

Aprili 26, 1986, kinu namba 4 cha kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, kililipuka. Upepo ulibeba chembe zenye mionzi hadi malishoni katika nchi nyingi za Ulaya. Ng'ombe walikula majani hayo, na muda si mrefu maziwa yao yakawa na iodini-131.

Iodini ni yale madini joto yanayowekwa kwenye chumvi. Mwili hautofautishi iodini ya kawaida na ile yenye mionzi. Zote hupelekwa kwenye tezi ya shingoni, thairoidi, inayosimamia ukuaji.

Mdogo ndiye huumia zaidi. Tezi yake ni ndogo, hivyo kiasi kilekile cha iodini huiunguza kuliko ya mkubwa, tena chakula chake ni maziwa. Ndama waliozaliwa na ng'ombe walioathirika sana karibu na Chernobyl walikuwa na uzito mdogo na dalili za kudumaa. Hali ya uzazi ilirejea kawaida mwaka 1989.

Kwa binadamu, hadi mwaka 2005 zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya thairoidi walikuwa wamegunduliwa Ukraine, Belarus na maeneo ya Urusi yaliyoathirika, miongoni mwa waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali. Sehemu kubwa ya ugonjwa huo ilihusishwa na maziwa.

Si tezi pekee. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, watafiti waliwafuatilia maisha yao yote mbwa 1,680 aina ya beagle. Baadhi walipigwa mionzi wakiwa tumboni, wengine baada ya kuzaliwa. Waliopigwa siku chache kabla au baada ya kuzaliwa ndio walioandamwa zaidi na ugonjwa wa figo.

Sababu ni kwamba mbwa huzaliwa figo zake zikiwa bado zinajengwa. Mionzi huua seli ambazo zingetengeneza vichujio vya damu. Vichache vinavyobaki hufanya kazi ya vingi, huchoka na kupata makovu.

Kwa mwenye mzigo, muda nao una maana. Nguvu ya iodini-131 hupungua kwa nusu kila siku 8, hivyo baada ya siku 80 hubaki chini ya sehemu 1 kati ya 1,000. Lakini sizi-137, iliyotoka kwenye ajali hiyohiyo, huchukua takriban miaka 30 kupungua nusu. Unga unaweza kukaa ghalani mwaka mzima na bado ukawa nayo, bila kubadilika rangi, harufu wala ladha.

Ndiyo maana jicho la mnunuzi halitoshi. Kazi hiyo hufanywa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Cheti hakimaanishi kwamba mzigo ulishukiwa. Kinamhakikishia mama atakayekoroga unga ule kwamba umepimwa.